Mfuko wa vito vya mtumba: usioshe kitu, anza kwa kugeuza nyuma

Dada mmoja kaniuliza hivi, nalifupisha swali lake: kanunua mfuko mzima wa mapambo yaliyochanganywa kwenye mauzo ya vitu vilivyotumika, ndani kakuta bruchi (ile pini ya kubandika kifuani) yenye vijiwe vinavyong'aa na nyuma imeandikwa Trifari pamoja na alama ya taji na ile ya ©, mkufu mrefu wa lulu ambazo hajui kama ni za kweli, bangili nzito ya rangi ya asali inayofanana na plastiki, na hereni za kubana ambazo hazina jina lolote, alafu vikorokoro vingine vingi tu. Kuna mtu keshamwambia "nauchukua mfuko wote, taja bei", sasa dada anauliza vina thamani gani, atajuaje ni vya zamani kweli, na auze au asiuze.

Dada yangu, usiuze leo, na hilo la pili ni muhimu zaidi ya la kwanza, usioshe kitu chochote. Najua hamu ya kwanza ukileta vitu vya zamani nyumbani ni kuvitumbukiza kwenye maji ya sabuni vitakate, lakini vijiwe vya kioo vya zamani vingi vina foili nyembamba sana upande wa nyuma, ndo inayorudisha mwanga vikang'aa, na maji yakipenya chini ya kijiwe foili inaharibika, kijiwe kinageuka kijivu au cha njano na hakirudi tena. Watu wa biashara hii wanasema kijiwe kimekufa. Bruchi iliyokaa salama miaka sitini inaweza kuuliwa kwa bakuli moja la maji ya moto, na inaniuma kila nikiona.

Kwa hiyo tandika kitambaa cheupe mezani karibu na dirisha, mwaga mfuko wote, tafuta lensi ya sonara ile inayokuza mara 10 (bei yake ni ndogo kabisa na utaitumia maisha yako yote), na uwe na sumaku. Kazi ya kwanza sio kutafuta majina makubwa, kazi ya kwanza ni kutoa pembeni vitu ambavyo sio vya bandia hata kidogo. Kwenye mifuko ya namna hii dhahabu na fedha halisi hupita sana kwa sababu aliyeuza hakuangalia. Angalia karibu na kifungio cha mkufu, ndani ya pete, kwenye kile kijiti cha hereni. Ukiona 925 au neno Sterling hiyo ni fedha, 800 pia ni fedha ila ya kiwango cha chini, inatoka sana bara la Ulaya. Ukiona 375, 585 au 750 ni dhahabu ya karati 9, 14 na 18 kwa mpangilio huo. Kwenye vitu vya Uingereza ukiona kisimba kidogo kinachotembea ni fedha.

Ila hapa kuwa makini maana herufi zinazofuata namba zinabadilisha kila kitu. "1/20 12K GF" maana yake ni kwamba tabaka la dhahabu ya karati 12 limegandamizwa juu ya madini mengine na uzito wake ni sehemu moja ya ishirini ya kitu chote, sio dhahabu nzima lakini ni tabaka nene na linadumu, watu wanavinunua vizuri tu. "14K HGE" au "GP" au "RGP" ni ya kuchovya au tabaka jembamba, na wengi huona 14K wakaruka juu bila kumalizia kusoma herufi. Sumaku nayo inasaidia kidogo, kitu kikivutwa kwa nguvu ujue kuna chuma ndani, lakini kisipovutwa haina maana ni dhahabu kwa sababu hata shaba haivutwi, pia kifungio kina springi ya chuma hivyo usikipime hapo.

Ukishatenga hivyo, sasa geuza kila kitu nyuma. Mbele ya kito imetengenezwa ikudanganye, nyuma haina sababu ya kudanganya. Mtengenezaji alitumia pini, bawaba na kifungio vilivyokuwepo wakati wake, na hivyo vilibadilika kadri miaka ilivyoenda, kwa hiyo nyuma ndo utasoma umri kabla hata ya kutafuta jina.

Bruchi za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1910 hivi, kifungio chake ni kindoano tu kilichojikunja kama herufi C, pini inaingia pale na hamna kitu cha kuifunga isichomoke, na mara nyingi ncha ya pini inapita nje ya kindoano. Baadaye kikaja kile kifungio chenye kisahani kinachozunguka na kufunga, ndo tunachokiona mpaka leo. Kwa hereni, za skrubu zilitangulia mwanzoni mwa karne ya 20, za kubana zikaingia kwa nguvu miaka ya 1930, kwa hiyo hereni ya kubana ikiuzwa kwako kama ni ya mwaka 1900 kataa, au kuna mtu kaibadilisha nyuma. Mkufu wenye kile kifungio cha umbo la kamba-mti, kile kinene kinachofunguka kwa kidole gumba, ni wa miaka ya 1970 na kuendelea, ukikikuta kwenye shanga zinazodaiwa kuwa za 1930 basi ama kifungio kimebadilishwa ama hadithi ni ya uongo. Kitu kimoja peke yake hakithibitishi, lakini bawaba, pini, kifungio, na namna vijiwe vilivyoshikwa vikikubaliana wote wakati mmoja, hapo unaweza kusema kwa kujiamini.

Nchi nayo inasaidia sana na watu wanaisahau. Tangu mwaka 1890 sheria ya ushuru ya Marekani ilidai bidhaa za nje zinazoingia kule ziandikwe zimetoka wapi, ndo maana vito vingi vina jina la nchi. "Czechoslovakia" haiwezi kuwa kabla ya 1918 maana nchi yenyewe haikuwepo. "Occupied Japan" ni kati ya 1945 na 1952 tu. "West Germany" ni 1949 mpaka 1990. Na hiyo ya Ujerumani Magharibi ina historia yake, mji wa Gablonz ambao leo uko Jamhuri ya Cheki ndo ulikuwa kitovu cha vijiwe na shanga za kioo, baada ya Vita vya Pili vya Dunia mafundi wengi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa wakaenda kuanza upya Kaufbeuren huko Bavaria, mtaa wao wakauita Neugablonz, kazi ikaendelea. Kwa hiyo mikufu ya shanga za kioo yenye maandishi ya Czechoslovakia au West Germany usiitupe kwenye rundo la vikorokoro hata kama haina jina la kampuni.

Sasa bruchi yako ya Trifari. Umesema nyuma kuna taji dogo juu ya herufi T, jina, na alama ya © baada ya jina. Vizuri umeangalia, kwa sababu hiyo alama ndogo ndo inayosema zaidi. Kampuni hii ya New York ilianza kutumia taji mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakati ule miundo yao ililindwa kwa hataza (patent, yaani haki ya aliyebuni kitu), ndo unakuta "Pat. Pend.", maana yake hataza imeombwa, au namba ya hataza. Mwaka 1955 Trifari walishinda kesi mahakamani New York dhidi ya kampuni ya Charel na mahakama ikakubali kwamba vito vya mapambo vinaweza kulindwa kwa hakimiliki kama kazi ya sanaa, toka hapo alama ya © ikawa ndo kawaida yao. Kwa hiyo bruchi yako ni ya 1955 au baadaye, sio ya enzi za vita. Ingekuwa imeandikwa Sterling ningekuambia tofauti, kwa sababu mwaka 1942 Marekani ilibana matumizi ya madini yaliyotakiwa vitani na kampuni hizi zikahamia kwenye fedha halisi iliyochovywa dhahabu, na vitu vya miaka ile vinatafutwa mno, hasa vile vya wanyama wenye tumbo la plastiki angavu linaloonekana kama jeli.

Mchoraji wao mkubwa alikuwa Alfred Philippe, alijiunga nao mwaka 1930 akakaa mpaka 1968, na kabla yake alikuwa amechora vito vya kweli vilivyouzwa na majina kama Van Cleef & Arpels, ndo sababu vijiwe vingi vya Trifari vimeshikwa kwa vikucha vya madini badala ya kubandikwa na gundi tu. Hata mke wa rais Eisenhower alivaa lulu za bandia za Trifari kwenye sherehe ya kuapishwa mwaka 1953. Lakini sikuambii haya ili upandishe bei kichwani, kampuni hii ilitengeneza vitu vingi mno na vya baada ya 1955 viko vingi sokoni. Bruchi ya jani la rangi ya dhahabu tupu bila vijiwe itakuwa na thamani ya kawaida, ila ikiwa na vijiwe vilivyokamilika na umbo lisilo la kawaida inapanda. Angalia pia isije ikawa TM badala ya ©, hiyo ni ya miaka ya karibuni zaidi, na miundo ya zamani ya matumbo ya jeli iliwahi kutolewa tena upya.

Nikiwa hapo hapo kwenye majina, jina sio thamani. Naona watu wakikuta maandishi yoyote nyuma wanaona wametajirika. Sarah Coventry waliuza vito kwenye mikusanyiko ya nyumbani kuanzia 1949, Avon wakaingia kwenye vito mwanzoni mwa miaka ya 1970, vyote hivyo vimeandikwa jina vizuri kabisa na vingi thamani yake ni ndogo kwa sababu vilitengenezwa kwa wingi wa ajabu na vimetunzwa wala havijaisha. Monet na Napier navyo ni vizuri, vimetengenezwa imara, lakini vya kawaida ni vya kawaida. Alafu upande wa pili kuna vitu visivyo na jina vinavyoshinda vyote hivyo. Miriam Haskell alifungua duka lake New York mwaka 1926 na vitu vyake vya miaka ya mwanzo havikuandikwa jina, unavitambua kwa kazi yenyewe, kila shanga na kila lulu ndogo imefungwa kwa waya mwembamba kwa mkono juu ya kibamba chenye matundu matundu, gundi hamna. Ukiona kazi ya namna hiyo nyuma, simama hapo hapo ulinganishe kwanza.

Na wanaoghushi wanajua kwamba watu wanasoma jina tu. Vipo vya Chanel, Schiaparelli, Eisenberg na Weiss vya kughushi vingi. Jina likiwa kwenye kibamba kilichobandikwa vibaya, herufi hazijakaa sawa, vijiwe vimebandikwa na gundi iliyotapakaa na madini ni mapya yanayong'aa sawasawa kila mahali hata kwenye pembe ambazo mkono hugusa, usilipe bei ya jina.

Vijiwe vyenyewe navyo vinaongea. Swarovski, watengenezaji wa vijiwe vya kioo, walianza Wattens huko Austria mwaka 1895, na katikati ya miaka ya 1950 wakatoa kile kijiwe chenye rangi za upinde wa mvua zinazocheza juu yake, waliita Aurora Borealis, na mbunifu wa mitindo Christian Dior alihusika nacho toka mwanzo. Kwa hiyo kito chenye vijiwe hivyo hakiwezi kuwa cha 1930 au 1940 labda kama kijiwe kimebadilishwa. Hii ni kipimo rahisi kuliko vyote, hata bila lensi unaona. Angalia kwenye zile hereni zako.

Tuje kwenye lulu. Chukua moja, isugue taratibu kwenye ukingo wa jino la mbele, lulu ya kweli unahisi kama chengachenga laini za mchanga na ya bandia inateleza. Hicho ni kipimo cha kwanza tu, kuna za bandia zilizotiwa mkwaruzo kwa makusudi. Kwa hiyo chukua lensi uangalie kwenye tundu ambapo uzi unapita, za bandia rangi imemenyeka pembeni ya tundu na unaona kioo au plastiki chini yake, wakati ya kweli tundu ni dogo na kingo zake ni safi. Angalia kama kuna fundo kati ya lulu na lulu, lulu za thamani hufungwa fundo ili zisisuguane na uzi ukikatika isipotee zaidi ya moja, ingawa hata za bandia nzuri hufanyiwa hivyo. Zote zikiwa za mviringo sawasawa kabisa, rangi moja bila tofauti yoyote, hiyo ni dalili ya bandia.

Alafu tazama kifungio, ni nadra mtu kufunga plastiki kwa kifungio cha dhahabu, ukikuta 585 au 14K pale peleka mkufu huo kwa mtaalamu wa vito kabla hujafikiria kuuza. Zikiwa za kweli, swali linalofuata ni kama ni za kufugwa au zilizojitengeneza zenyewe bila msaada wa binadamu, na hilo huwezi kulimaliza nyumbani, linahitaji eksirei ya maabara. Kwa mkufu mrefu ulioingia kwenye mfuko wa mchanganyiko uwezekano mkubwa ni kioo kilichopakwa, usivunjike moyo, bandia za zamani za kioo zenye uzito mzuri bado zina wateja wake.

Bangili yako ndo iliyonifurahisha zaidi niliposoma swali. Nzito, rangi ya asali, "inafanana na plastiki", hiyo inanuka Bakelite hata kabla hujainusa. Bakelite ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ni plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote maabara, na miaka ya 1930 ikawa vito vya kila rangi vilivyochongwa kwa mashine na kwa mkono. Baada ya hapo vita vikachukua malighafi na mashine, na plastiki za bei rahisi zikaishika nafasi.

Namna ya kuipima: shika bangili, lowesha ukingo mmoja tu kwenye maji ya moto ya bomba kwa nusu dakika, nusa haraka. Bakelite inatoa harufu kali ya dawa, ile ya formalini, ukishaisikia mara moja huisahau. Ikinuka kafuri hiyo ni seluloidi, ya zamani zaidi na nyepesi. Ikinuka maziwa yaliyoungua ni ile plastiki iliyotokana na maziwa. Isiponuka kitu inaweza kuwa Lucite (plastiki angavu kama kioo) au plastiki ya juzi. Kipimo cha pili, chukua kijiti cha pamba, weka kidogo dawa ya kung'arishia madini ya aina ya Simichrome, sugua sehemu ya ndani isiyoonekana, pamba ikigeuka njano ya haradali hiyo ni Bakelite, hata kama bangili yenyewe ni nyekundu au nyeusi. Kipimo hiki kinaweza kushindwa kwa rangi nyeusi hasa au kwa kitu kilichosafishwa sana, ndo maana nasema harufu na pamba vyote viwili. Isikilize pia, mbili zikigongana zinatoa mlio mzito wa kina, plastiki ya kawaida inalia juu juu. Na tafuta mstari wa kalibu, yaani ule mshono unaobaki plastiki ikimiminwa kwenye kalibu, Bakelite iliyochongwa huwa haina.

Watu wanafundishana kuchoma kwa sindano ya moto. Acha kabisa. Kwanza unaacha alama ya kudumu kwenye kitu cha thamani, pili kama ni seluloidi inashika moto ghafla mkononi mwako. Hata maji ya moto usitumie kwenye kitu chenye vijiwe vya kubandika au rangi iliyopakwa juu. Na kuna nyingi mpya zinazoigizwa, zinauzwa kama za zamani, hivyo bangili ikiwa mpya mno, bila mikwaruzo midogo ya miaka, pima mara mbili. Ikithibitika, thamani inategemea uchongaji: ya wazi bila nakshi ni ya chini, iliyochongwa kwa kina maua au majani ni ya juu, yenye rangi kadhaa zilizounganishwa ni ya juu zaidi. Rangi ya asali hiyo huenda ilianza nyeupe au krimu, hewa na miaka ndo inaigeuza, kwa hiyo usiisugue mpaka irudi rangi ya mwanzo, wapo wanaolipia huo huo uzee.

Hereni zisizo na jina, ukiona vijiwe virefu vyenye ncha mbili vilivyo wazi nyuma, vijiwe vya upinde wa mvua na rangi kali kali, huenda ni kazi ya DeLizza & Elster wa New York, walianza 1947 wakafunga 1990, watu huviita Juliana kwa sababu kwa muda mfupi mwishoni mwa miaka ya 1960 vilikuwa na lebo ya karatasi yenye jina hilo, na lebo nyingi zilitupwa ndo maana hamna maandishi. Bangili zao za vijiwe huwa na viungo vitano na bruchi nyingi nyuma zina kidoa cha lehemu chenye umbo la namba nane. Peke yake hereni ni ngumu kuthibitisha, hivyo pekua mfuko tena, bruchi au mkufu wa seti ile ile unaweza kuwa umejificha kwenye mkanganyiko wa minyororo chini. Seti kamili inauzwa juu kuliko ukijumlisha kipande kimoja kimoja.

Hali ya kitu ndo inayoamua zaidi ya nusu ya bei, naamini hivyo kabisa. Hesabu vijiwe, angalia kila kikucha, kijiwe kimoja kilichopungua kinashusha bei, vijiwe vilivyokufa vinashusha zaidi maana havirudishiki. Angalia kama kuna kijiwe kilichobadilishwa: rangi imepishana kidogo, kimekaa juu au chini ya wenzake, gundi imevimba pembeni. Lehemu ya kijivu iliyomwagika nyuma ni ukarabati wa baadaye. Kuchovya upya dhahabu, ambako wengi wanadhani kunaongeza thamani, kunaiua kwa wakusanyaji. Na ile kutu ya kijani inayotambaa kati ya vijiwe, ukiiona tenga kitu hicho mbali na vingine mara moja kwa sababu inaendelea kula, na iliyoingia ndani sana haiondoki bila kuacha shimo. Ya juu juu unaweza kuitoa kwa kijiti cha meno kilichochovywa siki kidogo, ukafuta na pamba kavu, taratibu, ukiacha kabla hujagusa foili. Usafi mwingine wote fanya kwa mswaki laini mkavu. Na usiwape watoto wadogo kuchezea au kuweka mdomoni, madini ya bei rahisi ya zamani na hata ya sasa yanaweza kuwa na risasi au kadimiamu.

Kuhusu bei, kuna bei ambayo muuzaji anaitaja na kuna bei iliyolipwa, hizo ni vitu viwili. Mtandaoni utakuta bruchi kama yako imewekwa kwa bei ya kutisha, imekaa hapo miezi, haijanunuliwa, hiyo sio thamani. Kwenye eBay kuna kichujio cha kuonyesha vitu vilivyouzwa tu, weka hicho, tafuta muundo ule ule, rangi ile ile, hali ile ile, chukua kadhaa, toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, katikati ndo ukweli wa soko kwa sasa. Kupata jina la muundo, piga picha mbele na nyuma kwa mwanga wa dirisha, tumia utafutaji wa picha, na kwa vitu vyenye namba ya hataza ingiza namba hiyo kwenye Google Patents, mara nyingine unakuta mchoro wenyewe wa kito na mwaka wake, ni furaha ya aina yake. Tofautisha tu hataza ya muundo na hataza ya kifaa, maana hataza ya kibanio cha hereni ilitumika miaka mingi baada ya kutolewa, haikuambii mwaka wa hereni.

Alafu ujue soko lina bei tatu. Bei ya bima ni ya juu kuliko zote, ni gharama ya kununua kingine dukani. Bei ya mnunuzi wa kawaida ndo hiyo uliyoitafuta kwenye vilivyouzwa. Bei ya mfanyabiashara ni ya chini, mara nyingi theluthi mpaka nusu ya atakachouzia yeye, na hakuonei, ana gharama na anakaa na vitu mpaka vinunuliwe.

Kwa hiyo huyo anayetaka mfuko wote mjibu kwa heshima kwamba bado hujaamua. Toa kwanza vyenye muhuri wa dhahabu na fedha, toa bruchi ya Trifari, bangili, mkufu kama kifungio chake kina namba, na chochote kilichofungwa kwa waya mwembamba. Hivyo uza kimoja kimoja kwa picha nzuri na maelezo ya kweli, hadi kasoro uzitaje. Vya kati, vyenye jina la kawaida na hali nzuri, panga kwa kundi la rangi au la jina, vinakwenda haraka. Vilivyokatika, vyenye vijiwe vilivyokufa, hereni moja moja, usivitupe, kuna mafundi wa ukarabati wanaotafuta vijiwe na vifungio vya zamani hivyo hivyo, na hapo ndo umuite yule wa bei moja, hicho kilichobaki akichukue chote. Akikuuliza vile vingine viko wapi mwambie vimeshapangwa. Na ukipima bangili nitumie picha ya pamba.